Siku ya Kunyamaza

Barua ya hospitali ilikaa siku kumi na tisa ndani ya kiatu, mguu wa kushoto, imekunjwa mara nne. Vilikuwa viatu vya harusi vya baba wa nyumba ile, ambavyo hakuvivaa tena tangu vilipoanza kumbana, na huenda ingekaa humo mwezi mzima kama mkewe asingeamua Jumamosi hiyo asubuhi kuvitoa nje avipigishe jua, maana vilikuwa vimeanza kuota ukungu. Akatia mkono ndani kunyoosha soli. Akakuta karatasi.

Mke huyo alikuwa fundi cherehani, na kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe. Mumewe naye sokoni walimwita Spika. Kazi yake ilikuwa kunadi nguo za mitumba, na kwa miaka mingi sauti yake ilisikika tangu getini mpaka kule nyuma kwa wauza viatu, bila kipaza sauti. Siku za Jumatano, soko likishafungwa, sauti hiyohiyo ilifundisha darasa la watu wazima kanisani. Mwaka huo darasa lilikuwa na mada moja ndefu: namna ya kuiandaa roho kwa siku mbaya. Mada hiyo aliichagua mwenyewe.

Fundi aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa kizingitini akaisoma tena. Ilijaa maneno ya kidaktari, lakini "saratani" alilielewa, na "haraka" alilielewa, na pale chini palipoandikwa kwamba mgonjwa arudi akiwa na ndugu wa karibu, aliona wazi kwamba ndugu huyo wa karibu ni yeye.

Spika akatokea uani, mswaki mdomoni.

"Hii nini?" Fundi akauliza.

"Karatasi."

"Macho ninayo. Inasema nini?"

"Si umeshaisoma."

"Nataka uisome wewe. Wewe ndiye mwenye sauti."

Hakukusudia kumchoma. Maneno yalimtoka kama walivyozoea kutaniana, na yalipokwisha kutoka wote wawili wakayasikia. Sauti ya Spika ilikuwa imekwaruza tangu miezi mitano nyuma. Walisema ni mafua, wakasema ni vumbi la soko, wakasema ni uzee umepiga hodi mapema.

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukwambia," akasema.

"Siku kumi na tisa! Mimi kila asubuhi nakuchemshia tangawizi na asali, nakuuliza unaendeleaje, unaniambia nafuu. Baba wewe! Na Jumatano hii ukasimama mbele ya watu ukasema mtu wa Mungu hapokei habari mbaya kama mwizi aliyekamatwa. Nilikuwa benchi la tatu. Niliandika kwenye daftari."

Spika alitema povu la mswaki kwenye udongo, akalifunika kwa kandambili, akaendelea kulifunika muda mrefu baada ya kwisha kuonekana.

* * *

Daktari waliyemkuta Jumatatu alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na wino ulitoka katika moja tu. Alichora kichwa na shingo nyuma ya fomu iliyokwisha kutumika. Akachora njia mbili.

"Chakula kitapita hapa kama kawaida," akasema. "Pumzi haitapita tena puani. Itapita hapa." Akaweka nukta chini ya shingo, pale vifungo vya shati vinapoanzia.

"Na sauti?" Spika akauliza.

Daktari alimgeukia Fundi. "Anasemaje, mama?"

Basi mtu ambaye soko zima lilimsikia akatafsiriwa na mkewe, mita moja kutoka kwa aliyemsemesha. "Anauliza habari ya sauti," Fundi akasema.

"Sauti itaondoka. Uvimbe umekaa palepale sauti inapotoka, hatuwezi kutoa kimoja tukaacha kingine. Baadaye kuna namna za kujifunza kusema tena. Wengine wanaweza, wengine wanashindwa. Siwezi kuwaahidi." Akaisogeza fomu ya kukubali upasuaji. "Nimewawekea Alhamisi ya wiki ijayo. Baba, usiniombe nisogeze mbele. Ukichelewa utakuja hapa huwezi kupumua."

Spika hakuitia saini. Aliikunja, akasema anakwenda kuiombea. Kwenye ujia wa hospitali alitembea mbio, akizikwepa machela na ndoo za wafagiaji, Fundi akimfuata nyuma huku mkoba ukimpiga nyongani. Alipomfikia getini alimkuta anazunguka, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi, kama mtu aliyeangusha kitu.

"Kaa kidogo," akamwambia.

"Nikikaa nafikiri."

* * *

Kesho yake alikwenda sokoni kama kawaida. Alifungua belo la mashati, akapanda juu ya meza, akainua shati la mistari akaanza: kola safi, mikono mizima, la kwako hilo, mheshimiwa. Watu wa mbele walisikia. Wa nyuma walitazama midomo yake. Mwanamume mmoja aliyeshika shati la bluu akapaza sauti, "Mzee, leo umekunywa mchanga?" Wakacheka, na Spika akacheka nao, maana mnadi asiyecheka na wateja hauzi. Lakini kicheko chake hakikutoa mlio. Kilitoa upepo tu.

Meza ya pili kulikuwa na mnadi mwingine, mtu wa makamo, aliyekuja sokoni mwaka uliopita na kipaza sauti cha betri. Kwa mwaka mzima Spika alikuwa akimtania kwamba Mungu hakumpa koo akampa bomba. Sasa watu wakaanza kuhama mmojammoja kwenda kwa yule wa bomba, bila ubaya wowote, kama maji yanavyofuata mteremko. Yule jirani akaona. Akashuka, akaja, akamnyooshea kipaza sauti.

"Chukua, kaka. Mimi nitapumzika kidogo."

Ingekuwa heri angemdhihaki. Spika alisema asante, akakisukuma kile kipaza sauti kirudi kwa mwenyewe, akaanza kukunja mashati. Alikunja vizuri mno, kola juu, mikono nyuma, kama nguo za dukani. Saa nne asubuhi alikuwa nyumbani. Jumatano akatuma ujumbe kwamba darasa halitakuwepo, mwalimu ana mafua.

* * *

Habari hazikuhitaji siku mbili kufika. Alhamisi alasiri Mama Maombi akaja na wanawake wawili wa kikundi chake cha maombi. Aliuza vifungo na nyuzi karibu na karakana ya akina Fundi, na hakukuwa na mgonjwa pale mtaani ambaye hakuwahi kuonja uji wake au kusikia magoti yake yakigonga sakafu. Alikuwa mama wa watu wote. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa na uzito.

"Mwalimu," akasema akiwa hata hajakaa, "shetani hana haja na roho yako, ile ameshaikosa. Anataka koo lako. Koo linalomtangaza Mungu! Na wewe unampelekea kwenye sahani, wakalikate?"

"Daktari amesema..." Fundi akaanza.

"Daktari anasema anayoyaona, mwanangu. Simlaumu. Lakini imani ni ya yasiyoonekana. Tutafunga siku saba. Hiyo Alhamisi ipite bila yeye kukanyaga pale. Ukienda na mguu mmoja hospitali na mmoja kwa Mungu, unadhani atakusikia?"

Spika alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, mikono katikati ya magoti. Fundi alimtazama usoni na kuona kitu alichokiogopa kuliko ile barua: unafuu. Mumewe alikuwa amepewa mlango wa kutokea, tena mlango wenye jina la Mungu juu yake.

"Tufunge," Spika akasema kwa ile sauti ya upepo. "Siendi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Binti wa pekee wa Spika na Fundi, aliyekuwa kidato cha tatu na kitabu cha hesabu mapajani, alifunga kitabu akatoka nje, na mlango ukajibamiza nyuma yake kwa nguvu kiasi cha kuitwa utovu wa adabu. Hakuna aliyemwita arudi.

* * *

Ijumaa Fundi alishona zipu ya sketi ya shule nje-ndani. Akafumua. Akaishona tena, nje-ndani vilevile. Mara ya tatu sindano ikakatika, na mwenzake wa cherehani ya pembeni akamwambia, "Dada, nenda nyumbani, utashona kidole." Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mchungaji.

Mchungaji alikuwa nyuma ya kanisa, suruali imekunjwa hadi magotini, anazibua mfereji wa maji uliojaa majani. Fundi alimweleza yote akiwa amesimama. Mchungaji alisikiliza, koleo mkononi.

"Sasa niambie," Fundi akamalizia. "Mungu anataka nini? Akatwe au asikatwe?"

"Mimi sina jibu la Mungu mfukoni, mama. Ningekuwa nalo ningekupa." Akaegemeza koleo ukutani. "Ninachojua ni kwamba Bwana wetu mwenyewe, usiku ule bustanini, aliomba mateso yaondolewe. Aliomba mara tatu, mpaka jasho likamtoka. Sijawahi kumsikia mtu akisema hakuwa na imani. Na hayakuondolewa. Akainuka akaenda."

"Kwa hiyo aende."

"Nadhani Mungu anaweza kutumia mkono wa yule daktari kama anavyotumia wangu kuzibua hili tope. Nitamwambia hivyo akija. Lakini mumeo haogopi kukosa imani. Anaogopa kitu kingine, na hicho hajakisema." Akamtazama. "Na wewe je? Unaomba?"

Fundi aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Nyumbani anaomba yeye. Miaka kumi na minane. Mimi nasema amina. Sasa nikipiga magoti sina hata pa kuanzia. Naona kama nimeingia nyumba ya watu."

"Basi anza hapohapo. Mwambie huna pa kuanzia."

Njiani alijaribu. Alitembea akisema moyoni, sina pa kuanzia, nimekasirika, usimchukue, sina pa kuanzia. Halikuwa ombi la kusimamia mbele ya watu. Lakini alipofika nyumbani aligundua kwamba kwa muda wa nusu saa hakuwa akizungumza peke yake.

* * *

Nyumbani alikuta vita vimeshaanza. Binti alikuwa amesimama katikati ya sebule na ile fomu mkononi, ameitoa ndani ya Biblia ya baba yake.

"Humu ndimo ulimoiweka? Ukahamisha kutoka kwenye kiatu ukaleta humu?"

"Punguza sauti," Spika akasema.

"Wewe huna, acha nitumie yangu!"

"Wee!" Fundi akamkemea, lakini Spika aliinua mkono.

"Mwache. Mwache aseme."

Binti alikuwa analia sasa, na alichukia kulia, akawa anajifuta kwa kiwiko. "Baba, unafundisha watu wajiandae. Mimi nakaa nyuma pale nawahesabu, watu thelathini wanaandika unachosema. Sasa mbona wewe hujajiandaa? Au ni ya kufundishia tu?"

Spika alikaa. Alikaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi mwili wake ukatulia mahali pamoja.

"Sijajiandaa," akasema. "Niliandaa masomo. Nilidhani ni kitu kimoja." Akameza mate, na kumeza kulimuuma. "Kifo sikiogopi sana, mwanangu, hilo naweza kuapa. Naogopa kubaki. Nikiwa hapa, mzima, bubu, watu wananionea huruma. Sokoni mimi ni sauti. Kanisani mimi ni sauti. Hapa nyumbani ninyi mnajua nimerudi kwa sababu mmenisikia kona ya pale. Ukiitoa hiyo, anabaki nani? Hata Mungu, sijui atanijua kwa lipi."

Nje jirani alikuwa akipiga zulia, na vumbi liliingia kupitia dirishani.

"Basi tujaribu," Binti akasema.

"Tujaribu nini?"

"Kunyamaza. Kesho Jumamosi, sote tupo. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni usiseme neno. Tuone anabaki nani. Ukishindwa, funga hizo siku saba zako, mimi sitasema kitu tena."

Fundi alitaka kusema huo ni mchezo wa watoto. Lakini Spika alikuwa anamtazama binti yake kama anavyotazama nguo nzuri iliyojitokeza katikati ya belo la vitambaa vya kufutia magari.

"Kukohoa ruhusa?" akauliza.

"Kukohoa ruhusa."

* * *

Saa tatu za kwanza zilikuwa za kuchekesha. Spika alipewa daftari, na badala ya kuandika "chumvi" aliandika mistari minne kuhusu chumvi. Binti akasoma kwa sauti ya mhubiri, na Fundi akacheka hadi chai ikampalia. Alipotaka kumwita mkewe aligonga sufuria. Alipotaka kubishana aligonga zaidi. Kufika saa nne Fundi alimnyang'anya mwiko.

Kisha uchekeshaji ukaisha na siku ikabaki. Spika alizunguka. Alipanga viatu vya watu wote kwa ukubwa, akavipanga tena kwa rangi. Alikaa, akasimama, akafungua Biblia akaifunga. Midomo ilimcheza. Mara mbili alivuta pumzi ya kusema, na mara mbili Binti akanyoosha kidole bila kuinua macho kutoka kwenye hesabu zake. Saa sita walipokaa kula, wote watatu waliinamisha vichwa na kungoja kwa mazoea. Hatimaye Fundi akasema, "Mungu, chakula ni hiki. Sisi ni hawa. Tunaogopa. Amina." Hakuthubutu kumtazama mumewe. Alipomtazama alimkuta bado ameinama.

Saa tisa Mama Maombi akapiga hodi. Safari hii alikuwa peke yake, na midomo imemkauka kwa kufunga. Binti akamweleza: baba haongei leo, ni zoezi. Mama Maombi akasema vizuri, na yeye hana haja ya maneno yake, amekuja kumwombea tu. Akaketi mkabala naye, akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa nguvu. Alipomaliza, alingoja ile "amina" kubwa ya Spika ambayo siku zote ilimjibu kama mlango unaofunguka. Haikuja.

"Naona nguvu za Mungu zinashuka," akasema.

Spika alimtazama.

"Siku ya tatu hii. Zimebaki nne. Usilegee, mwalimu."

Spika aliendelea kumtazama. Siku nyingine angemjibu na neno, na yeye angemjibu na jingine, na wangeinuliana hivyo hadi wote wawili wapate joto. Sasa maneno ya Mama Maombi yalitoka, yakakaa pale mezani, hakuna aliyeyapokea. Akaanza kukunja ncha ya kitambaa chake. Akaikunjua.

"Unajua nilikuwa na mdogo wangu," akasema.

Fundi alisimamisha kisu juu ya kitunguu. Alimjua Mama Maombi kwa miaka kumi, na hakuwahi kusikia habari ya mdogo wake.

"Wa mwisho kwetu. Nilimbeba mgongoni mimi. Alipata uvimbe kwenye titi, mdogo tu, kama punje ya mahindi. Wakamwandikia siku ya kwenda. Akanijia, akaniuliza, dada, niende? Alikuwa ananiamini mimi kuliko mtu yeyote. Nikamwambia usiende." Alisema haraka, kama anayetaka kufika mwisho kabla hajakatazwa. "Tulifunga siku ishirini na moja. Tukafunga tena. Kile kipunje kikawa yai. Hata alipokuwa hawezi kuinua mkono, aliniambia, dada, usijilaumu. Watoto wake wanne, nimewalea mimi."

Alimngoja Spika aseme kitu. Uso wake wote ulikuwa unaomba.

"Sema basi, mwalimu. Hata neno moja. Unayajua maneno, wewe."

Yalikuwepo. Spika aliyahisi yote, yamepangana nyuma ya meno: kazi ya Mungu, mapenzi yake, amelala mahali pema. Alikuwa ameyatumia misibani mara nyingi, na kila mara watu walishukuru na kuondoka. Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. Akasogeza kiti chake hadi magoti yao yakakaribia kugusana, akabaki hivyo.

Mama Maombi akalia. Hakulia kama anavyolia kwenye maombi. Alilia vibaya, kwa kukwama, mikono imefunika uso, na kilio chake kilichukua muda mrefu. Walipodhani amemaliza alisema chini ya mikono yake, "Nikikwambia wewe uende, nitakuwa nimekubali kwamba yeye nilimuua."

"Hukumuua," Fundi akasema. Alikuwa amekuja akamshika mabega, mikono inanuka kitunguu. "Ulimpenda, ukakosea. Mungu anajua kutofautisha."

"Unaamini hivyo?"

Fundi alifikiri kabla ya kujibu. "Leo naamini."

Mama Maombi alipotulia alijifuta, akaomba maji, akanywa glasi nzima, kisha akakumbuka kwamba amefunga, akashtuka, na Binti akacheka, na yeye akacheka kidogo kwa huzuni. Mlangoni alimgeukia Spika. "Nenda," akasema. "Nenda Alhamisi wakakukate. Mimi nitafunga vilevile. Lakini uende."

Saa kumi na mbili jioni ilipofika, Binti akasema muda umekwisha. Spika alitafuta kalamu ya daktari yenye wino, ambayo bila kujua aliondoka nayo siku ile, akaitia saini ile fomu mezani, kati ya sahani.

"Miaka yote hii watu wananiletea shida zao," akasema hatimaye, "na sijawahi kusikia hata moja hadi mwisho."

* * *

Jumatano darasa lilijaa, kwa sababu watu walijua. Mchungaji alikaa benchi la mwisho. Spika alikataa kipaza sauti, akawaomba wasogee karibu, na watu wazima thelathini wakaburuta mabenchi hadi wakamzunguka kama watoto wa chekechea.

"Mimi ni mwongo," akawaambia. "Mafua sikuwa nayo. Nilipata barua, nikaificha siku kumi na tisa. Nilikuwa nikija hapa kuwafundisha kujiandaa, huku barua iko nyumbani imefichwa. Sasa msifute madaftari yenu. Mliyoyaandika ni kweli, ila niliyasema kama mtu anayefundisha kuogelea akiwa amekaa nchi kavu."

Mzee mmoja akauliza, "Sasa upo tayari, mwalimu?"

"Hapana. Nilidhani roho iliyoandaliwa haitetemeki. Yangu inatetemeka. Lakini imeacha kukimbia, na wiki iliyopita ilikuwa inakimbia." Akapumzika apate pumzi. "Sijui kama hilo linatosha kuitwa imani. Ndilo nililo nalo, na kesho nakwenda nalo hilohilo. Niombeeni. Msiombee sauti peke yake. Ombeni nisiwe mtu wa uchungu nikirudi."

Akataka kuongeza. Alikuwa na mengi, na alijua baada ya kesho hatakuwa nayo hivi tena. Watu waliona jinsi anavyoyashika na kuyaachia. Akakaa.

* * *

Upasuaji ulichukua saa saba. Fundi alikaa kwenye benchi la chuma, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Binti alihesabu vigae vya ukuta. Mama Maombi alikuja na chupa ya chai ambayo yeye mwenyewe hakuinywa, akakaa mbali nao kidogo, midomo ikicheza. Kila mlango ulipofunguka wote watatu walisimama, na kila mara alikuwa mtu wa mwingine. Fundi aliomba mara nyingi, vipande vipande, bila mwanzo wala amina. Kufikia alasiri hakuwa akimwomba Mungu kitu chochote tena. Alikuwa amemshika tu, kama mtu anavyoshika nguo ya mwenzake kwenye umati ili asipotee.

Daktari alitoka amevua kofia, nywele zimelala. "Yu hai," akasema. "Tumeutoa wote tuliouona. Kama kuna uliobaki, au kama utarudi, tutajua mbele ya safari."

Siku za kwanza zilikuwa mbaya kuliko walivyoambiwa. Alikohoa kupitia shingoni, na kila alipokohoa alitazama kando kwa aibu. Siku ya nne alitupa daftari likagonga ukuta. Siku ya tano hakutaka kuonana na mtu, hata mchungaji. Fundi alikaa karibu na kitanda akishona vifungo vya mashati ya mteja, na hakumwambia kwamba yote yatakuwa sawa, kwa sababu hakujua.

Siku ya tisa wakaleta mgonjwa kitanda cha pili. Dereva wa lori, mtu mnene mwenye shingo kama nguzo, na kesho yake ilikuwa zamu yake ya kupasuliwa koo. Hakuwa na ndugu wa kumsindikiza. Walikuwa safari ya siku mbili kutoka pale. Asubuhi ya kupasuliwa, walipokwisha kumvalisha gauni la kijani, alianza kuongea. Aliongea na muuguzi, na dari, na kila aliyepita. Alisema lori lake limebaki na utingo asiyeaminika. Alisema mkewe hajui kwamba ni leo. Alisema hakuwahi kuwa mtu wa kusali, na sasa akianza si itaonekana unafiki? Muuguzi akamwambia tulia, baba, akaenda zake.

Fundi alipoingia na uji, alikuta kitanda cha mumewe kitupu. Spika alikuwa ameshuka mwenyewe, amevuta kiti hadi kwa yule dereva, na amekaa, bandeji shingoni, pumzi yake ikipiga filimbi nyembamba kila inapotoka. Hakuwa na daftari. Mkono wa dereva, mkubwa, wenye grisi iliyokataa kutoka kwenye kucha, ulikuwa ndani ya mikono yake miwili.

"Wewe walikukata lini?" dereva alikuwa anauliza. "Iliuma? Ukiamka unajiona bado ni wewe?"

Spika alifikiri. Aliitikia swali la pili kwa kichwa, ndiyo, iliuma. La tatu alilichukulia muda. Kisha akaitikia tena.

Dereva akaendelea kusema. Alisema yote, tangu mwanzo: habari ya baba yake aliyekufa bila wao kupatana, habari ya ajali ya zamani ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Spika alikaa kimya akamsikiliza, na Fundi alisimama mlangoni na uji ukapoa.

Wahudumu wawili wakaja na kitanda cha magurudumu. Mmoja akaangalia karatasi zake, akaangalia wale watu wawili walioshikana mikono.

"Hapa imeandikwa mgonjwa hana ndugu," akasema. "Mzee, wewe ni nani wake?"

Kwa kumjibu, Spika aliuweka mkono wa dereva kifuani kwake mwenyewe, akainuka, na walipokwisha kumhamishia dereva kitanda kile, akashika ukingo wake, akaanza kutembea nao kuelekea mlango wa chumba cha upasuaji.